Nukta Isiyo na Mkwaju

Fundi aliiagiza skripti, programu yake fupi, ipekue rekodi za mtandao na kutoa jina moja tu la kompyuta, hazina.ofisi. Ikamtolea mawili. La pili lilikuwa hazina-ofisi.

Akacheka, kosa lake. Katika agizo la kutafuta alisahau alama ya mkwaju (\) kabla ya nukta, na nukta isiyo na mkwaju hupokea alama yoyote ile, hata kistari.

Kisha machale yakamcheza. Ofisi haikuwa na kompyuta ya jina hilo. Nani kamleta huyu pacha bandia?

"Shemeji, nimekosea nukta kwenye utafutaji, kumbe kuna jina geni humu," alimwambia bosi, mume wa dada yake, aliyekuwa akinywa chai ng'ambo ya meza, ambako skrini haionekani.

"Usijisumbue, shemeji. Rekebisha nukta yako tu, hicho kistari kitapotea chenyewe."

Fundi akaondoa kidole kwenye kibodi. Kistari alikuwa hajakitaja.