Kopo la Mageni

Zipora alichota kijiko cha unga kutoka kwenye kopo la Mageni, akakoroga kwenye maji ya moto, akanywa amesimama nyuma ya pazia. Mchungu kama mwarobaini. Mbele ya duka wateja walikuwa wakipiga vigelegele.

"Geuka tuone na nyuma!"

Mageni akageuka. Kila gauni jipya la kitenge kwenye duka lile la ushonaji pale Katoro, Mama Kudra, mwenye duka, alimvalisha Mageni kwanza. Likimkaa, lilinunuliwa kabla hajalivua. Mengi alikuwa ameyashona Zipora, na hakuwahi kuvalishwa hata moja.

"Wewe nguo inakuning'inia, mwanangu," Mama Kudra alimwambia siku moja, bila ubaya wowote.

Wasichana hao wawili walikuwa rika moja, wakiishi chumba kimoja cha kupanga. Zipora alishachoka kwenda naye sokoni. Wachimbaji wa dhahabu walimpisha Mageni njia, wakimwita "mayo", kama mama mwenye mji wake. Zipora walimuuliza kama anaumwa.

Kilichomchoma zaidi ni Mageni kujifanya hana habari. Kila mara alikaa kwenye cherehani akibana sketi zake kiunoni. Makusudi, Zipora aliwaza, ili nyonga zionekane. Wakila, alimega ugali kidogo tu, akamsukumia Zipora sahani, kisha akamtazama kuanzia shingoni hadi miguuni.

"Hivi wewe chakula chote hiki kinaendaga wapi?"

Zipora alitamani kumpiga na mwiko.

Kwa hiyo siku alipolikuta kopo limefichwa chini ya vitambaa, hakuona aibu hata kidogo. Kumbe umbo lile lilikuwa na siri! Alianza kuchota asubuhi, baadaye asubuhi na jioni. Tumbo lilimkata, usingizi ukamkimbia. Akavumilia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Jumamosi moja, duka likiwa limejaa, alianguka kifudifudi juu ya cherehani.

Alizinduka zahanati, dripu mkononi. Mageni alikuwa ameketi kitandani pake, macho yamevimba kwa kulia.

"Umekunywa nini, dada?" muuguzi aliuliza. "Mwili umekauka maji kabisa."

Zipora alimtazama Mageni. Wivu wote ukamtoka kwa mkupuo.

"Dawa yake! Aliificha ili anenepe peke yake. Na mimi nilitaka kuwa mwanamke, nitazamwe. Kuna ubaya gani?"

Machozi ya Mageni yakaanza upya.

"Zipora," alisema, "ile ni dawa ya kukondesha. Nimeinywa mwaka mzima ili nifanane na wewe."