Lifti ya Madame Goossens

Sauti ya Madame Goossens ilitokea ndani ya ukuta, kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, ikimwagiza karani wake achukue kalamu na karatasi.

Lifti ilikuwa imekwama naye peke yake ndani. Huku nje, mbele ya mlango uliofungwa, walisimama watu watatu: karani Tatiana, Papa Désiré mwenye kampuni ndogo ya kutengeneza lifti huko Laeken, mjini Brussels, na fundi wake Ushindi, mwenyeji wa Bukavu, aliyekuwa akijipangusa mikono.

Désiré alimtupia Ushindi jicho kali. Asubuhi hiyo wao wawili walikuja ofisi ya vibali vya kazi kukata rufaa. Karatasi za Ushindi zingekwisha Ijumaa ya wiki iliyofuata, na ombi la kibali kipya lilikuwa limekataliwa kwa barua ya mistari minne: mwajiri hakuthibitisha kwamba fundi wa namna hiyo hapatikani Brussels. Chini ya barua ilikaa saini ya Madame Goossens mwenyewe.

Muda mfupi tu kabla ya hapo, Désiré alikuwa ofisini kwa Madame, anamsihi mpaka jasho linamtoka. Alimweleza kwamba ametangaza kazi miezi mitatu asipate mtu. Mama yule alimsikiliza, kisha akauliza jambo moja tu: kama Ushindi ndiye aliyefufua lifti ya nyumba ya wazee kule Ganshoren, baada ya wiki sita za wazee kukaa juu bila kushuka. Désiré akasema ndiye. Madame akafunga faili.

"Maneno ni maneno, monsieur. Mimi naandika kile nilicho na ushahidi nacho."

Akaaga, akasema anashuka kunywa kahawa. Ushindi alikuwa ameshatoka kitambo, kwenda msalani, kwa madai yake. Sasa Désiré aliona anajua kabisa ule ulikuwa msala wa namna gani.

Tatiana alipiga simu kwa kampuni ya kwanza ya lifti. Wangekuja wiki ijayo. Kutoka ukutani, Madame akamwambia aandike jina la kampuni, saa aliyopiga na jibu alilopewa. Ya pili ilikuwa na mafundi wawili, wote wagonjwa. Andika. Ya tatu haikupokea. Andika. Walipofika ya tisa, Désiré alikuwa anashangaa jinsi mtu aliyefungiwa kwenye sanduku la chuma anavyoweza kujali makaratasi kiasi kile. Hakugomba, hakulia, hakuuliza hata saa.

"Piga muhuri," Madame akasema hatimaye. "Bon. Sasa huyo fundi aliyepo anaweza kutazama?"

Ushindi akapanda chumba cha mitambo, juu kabisa ya jengo. Dakika nne baadaye mlango ukafunguka. Madame akatoka, nywele zikiwa mahali pake, akaichukua orodha mikononi mwa Tatiana na kurudi ofisini. Fundi aliposhuka hakumkuta.

Jibu la rufaa lilifika Alhamisi, siku moja kabla ya karatasi kwisha. Wamekubaliwa. Barua ilitaja ushahidi mpya uliopokelewa na ofisi: kampuni tisa zilizoombwa fundi, majibu manane, simu moja isiyopokelewa, muhuri.

Désiré aliisoma mara mbili. Kisha akamwita Ushindi garini, akapandisha vioo. Alimwambia kwamba anashukuru, Mungu anajua, lakini asithubutu tena kuharibu lifti ya serikali, maana wangelala jela wote wawili.

Ushindi alimtazama asielewe.

"Tonton, mi nilikuwa ku toilette," alisema. "Na ile lifti haikukuwa na panne, haikuharibika. Muntu alifinya bouton nyekundu ya kuisimamisha, ile iko mu ndani."