Mshono Kwenye Dinari

Siku hizo kuta za nyumba zilisikia na kunena, na aliyekutwa na kitu bandia alichukuliwa asirudi. Bi Mwanasiti, mkusanyaji wa sarafu za kale, alipopewa na mumewe Shekue dinari ya Kirumi, aliigeuza taratibu. Ukingoni palikuwa na mshono mwembamba. Ilimiminwa kwenye kalibu, ilhali Warumi waligonga zao kwa nyundo.

“Ni halisi, Bi Mwanasiti?” ukuta ukauliza.

Akamtazama mumewe. “Halisi kabisa.”

“Asante,” ukuta ukasema.

Shekue akashusha pumzi kama aliyetua mzigo. Ndipo Mwanasiti alipong'amua kuwa mumewe alijua tangu mwanzo kwamba ni bandia. Alitamani kumwuliza kwa nini amemletea balaa lile mkononi, lakini ukuta ulikuwa bado unasikiliza.