Stevia ya Tabutany

"Haki ya Mungu, mwanangu, hayo si maua," Mzee Arap Soi alimwapia mkaguzi, Chelangat. "Yangeyange walitua hapa wakajisaidia."

Chelangat hakucheka. Tangu sukari ipigwe marufuku, kila boma vilimani hapa lilipangiwa stevia, mmea wa majani matamu. Sheria ilitaka ivunwe kabla haijachanua, maana ikichanua majani hupungua utamu, na ing'olewe ikizeeka. Alichuma jani, akalitafuna.

"Halina utamu, Mzee. Na shina limekuwa kuni. Hii ilikuwa ya kung'olewa zamani."

"Ni ukame tu. Bado changa hii."

"Mzee."

Uongo ukamkaukia mzee mdomoni. "Aliipanda mke wangu, Tabutany. Kila msimu aliikata kabla ya maua. Alipougua akaniuliza, hivi ua lake likoje? Nami sikujua. Tulipomzika, nikasema mwaka huu siikati."

Chelangat aliinama. Maua yalikuwa meupe, madogo mno, yamejikusanya nchani. Miaka yote ya kazi yake, naye hakuwahi kuyaona. Aliyatazama kitambo, kisha akamkabidhi mzee jembe.

"Ng'oa mwenyewe, Baba. Nikiita mashine zitachoma mpaka udongo."

Mzee alilima tuta zima, machozi yakimtiririka. Shina la mwisho liligoma, ikabidi apige magoti na kulivuta kwa mikono miwili. Alipoinuka, vilima vyote vilikuwa kijani, shamba kwa shamba, wala hapakuwa na ua hata moja.