Kidole cha Bi Mwanahawa

Mashine ya benki ilikikataa tena kidole gumba cha Bi Mwanahawa. Ukili wa mikeka aliousuka tangu usichana ulikuwa umezifuta alama zote, kidole kikabaki laini kama kokwa.

"Bila alama, bibi, siwezi kutoa barua kwamba pesa za masomo zipo," alisema karani kwa upole. "Na ubalozi hautampa kijana viza bila barua hiyo."

Pesa zilikuwepo. Wanawake wa upatu walimpisha zamu zao wote, asinune hata mmoja.

"Usihofu, bibi," alisema Mbaruku, mjukuu wake aliyekuwa akiisubiri safari hiyo ya masomo.

"Nani anahofu? Mume wangu huyu ananikimbia, na mlango nimfungulie mimi!"

Karani alicheka. Akatoa mafuta ya mgando kwenye droo yake, akakikanda kile kidole taratibu, kama anayemkanda mama yake.

"Sasa bonyeza kwa nguvu, bibi. Ukigusa tu, haisomi."

Bi Mwanahawa alikiegesha kidole juu ya kioo. Angeweza kukiacha hivyo hivyo. Nani angemlaumu? Jioni Mbaruku angekaa naye barazani, akimchambulia miyaa ya ukili kama siku zote.

Akamtazama. Mbaruku alikuwa amefumba macho.

Basi akainuka kitini, akakilalia kidole kwa uzito wake wote. Taa ya kijani ikawaka.

"Tayari, bibi. Unaweza kuachia."

Bi Mwanahawa alibaki ameinama vile vile, kidole kikiwa juu ya kioo, na ule ukijani ukimulika ukucha wake.