Redio ya Kuelekeza Ukutani

Muuzaji alimwashia Mwanakombo redio tatu, kila moja akiipandisha sauti mpaka vioo vya kabati vikatetemeka.

"Chumba chako kikubwa kiasi gani, mama?"

"Kitanda na meza, basi."

Mwanakombo akaichukua ile ndogo ya bei nafuu, akaigeuza spika zikaelekea ukutani, kisha akatoka nje. Muuzaji akadhani bei imemshinda. Alipomfuata, akamkuta nyuma ya duka, sikio kalibandika ukutani.

"Ndiyo hii. Nifungie."

"Mbona unasikilizia huku nje, mama?"

"Ndiko anakosikilizia mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa Bi Zuwena, jirani yake wa chumba cha pili, mpiga ngoma ya dumbaki wa taarabu aliyepooza miguu. Tangu hapo hapokei cha mtu, hata chumvi. Ukimpelekea redio, atairudisha.

Alasiri ile Mwanakombo aliielekeza redio ukutani, akaweka taarabu. Wimbo ulipofika katikati, vidole vikaanza kugonga kutoka upande wa pili, kwanza kwa kusitasita, kisha vikaushika mdundo barabara.

Mwanakombo akaizima redio yake mpya, akakaa kitandani kusikiliza.