Bunduki Iliyokataa Kulia

Siku hizi bunduki ya mwindaji hailii mpaka serikali iridhike na kila mtu wa nyumba yake. Asubuhi hiyo nguruwe pori walikuwa wanaumaliza muhogo wa mwindaji Kapela. Akalenga, akavuta kifyatulio. Bunduki ikamwambia kwa upole, "Pole, mzee. Nyumbani kwako kuna mtu ana kinyongo na serikali."

Alirudi jikoni, akamkuta mkewe akipuliza moto.

"Mama Shija, umesema nini juu ya wakubwa?"

"Sijasema neno, baba. Nimewaza tu."

Kapela akajiinamia kwenye kigoda. Kule shambani nguruwe walisikika wakitafuna.

"Basi jaribu kuwapenda," alimsihi.

"Kila siku najaribu," akasema mkewe, machozi yakimlengalenga.